Skrubu Inazunguka Bure: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Bawaba ya Kabati Iliyolegea

Mlango wa kabati la jikoni ukianza kuning'inia, wengi huchukua bisibisi, hukaza, na kwa siku mbili tatu mambo hutulia. Kisha unaning'inia tena. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa na wateja, majirani na vijana wanaojifunza kazi karakanani. Tundu likishakufa, tiba yake si kukaza skrubu. Ni kurudisha mbao ndani ya tundu. Namna ya kuirudisha hutegemea kabati limetengenezwa kwa nini, kwa hiyo usiruke sehemu ya kwanza.

## Kulijua tatizo

Nitajuaje kama tundu limekufa au skrubu imelegea tu?

Fungua mlango nusu, uushike kwa chini kwa mkono mmoja ili uzito usiiangukie bawaba, kisha kaza skrubu kwa bisibisi ya mkono. Skrubu ikigoma baada ya mizunguko michache na kukaa imara, ilikuwa imelegea tu na kazi imekwisha. Ikizunguka na kuzunguka bila kugoma, au ukiivuta kwa vidole inatoka, tundu limekufa.

Itoe uitazame. Skrubu ya kwenye tundu zima hutoka safi au na vumbi kidogo sana. Ya kwenye tundu lililokufa mara nyingi hutoka na unga wa mbao umejaa kwenye meno yake yote. Unga huo ndio mbao iliyokuwa ikiishikilia.

Kwa nini tundu linakufa?

Skrubu haishikiliwi na tundu lenyewe, inashikiliwa na mbao iliyobanwa katikati ya meno yake. Kila skrubu inapocheza, meno hayo husaga mbao kidogo. Ikishacheza mara elfu kadhaa, yaani miaka michache ya kufungua kabati la sukari na majani ya chai, kinachobaki ni tundu laini kama bomba.

Chanzo cha pili ni cha fundi: skrubu iliyokazwa kupita kiasi siku ya kwanza, hasa kwa drili. Mashine haisikii mbao ikisema basi. Ukipitiliza mzunguko mmoja tu kwenye chipubodi (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi), tundu limekufa kabla kabati halijafika kwa mwenyewe. Ndiyo maana kwenye karakana yangu skrubu za bawaba humaliziwa kwa mkono.

Mbona ni bawaba ya juu inayong'oka kila mara?

Kwa sababu bawaba ya juu inavutwa nje na ya chini inasukumwa ndani. Mlango unataka kuanguka kwa kuegemea bawaba ya chini, na ya juu ndiyo inayouzuia.

Chukua mlango wa chipubodi wa sentimita 50 kwa 70. Uzito wake ni kama kilo 4. Uzito huo unakaa katikati ya mlango, sentimita 25 kutoka kwenye bawaba. Bawaba mbili zikiwa zimeachana sentimita 50, ya juu inavutwa kwa nguvu ya kilo 2 hivi. Si kitu. Sasa mtoto wa kilo 15 ajining'inize kwenye kishikio kilicho sentimita 45 kutoka kwenye bawaba: zinaongezeka kilo 13 na nusu, zote juu ya skrubu mbili fupi zilizoshika kwenye chipubodi. Hapo ndipo unaposikia "kra!" kutoka jikoni.

Hesabu hiyo inafundisha jambo jingine. Bawaba zikiwa karibu karibu, mvuto unaongezeka. Zikiwa mbali, unapungua. Mlango ambao bawaba zake zimewekwa sentimita 25 tu kutoka moja hadi nyingine utakusumbua daima, hata ujaze tundu vizuri namna gani.

Nitajuaje kabati langu ni la mbao gani?

Toa skrubu moja utazame kinachotoka tunduni. Vipande vidogo vyenye ukubwa tofauti, kama maranda yaliyogandishwa: hiyo ni chipubodi. Unga laini wa kahawia kama kakao: hiyo ni MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandishwa. Matabaka yanayoonekana pembeni, moja juu ya jingine: plaiwudi, au ile ngumu zaidi inayouzwa kwa jina la marinibodi. Nyuzi ndefu: mbao halisi, iwe msindano, mninga, mkongo au mtiki.

Kabati nyeupe lenye ngozi nyororo inayofutika kwa kitambaa karibu daima ni chipubodi au MDF iliyovishwa melamini. Ngozi hiyo inaweza kuwa na picha ya nyuzi za mninga. Isikudanganye, tazama ndani ya tundu.

Je, naweza kuacha hivyo hivyo kwa muda?

Siku chache, ndiyo, ukiufunga mlango na kutoutumia. Ukiendelea kuutumia na skrubu moja imekufa, mzigo wote unahamia kwenye zilizobaki, nazo zinakufa kwa zamu. Nimeletewa mlango uliokuwa na tundu moja bovu, ukafika kwangu na matundu manne na kikombe cha bawaba, yaani ile sehemu ya duara inayozama kwenye mlango, kimeng'oka na kipande cha ubao.

## Kulijaza tundu

Nahitaji vifaa gani?

Bisibisi ya nyota inayokaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu, gundi nyeupe ya mbao, vijiti vya mbao, kisu kikali, nyundo ndogo, na kitambaa chenye maji. Drili itakusaidia lakini si lazima (tazama swali la kutoboa bila drili). Tepu ya karatasi ya wapaka rangi ni nzuri kuwa nayo, kwa kulinda ngozi ya melamini.

Kuhusu vijiti: vile vya kuchokonolea meno vinatosha kwa skrubu ndogo. Vijiti vya mishikaki ni vinene zaidi, kama milimita 3, lakini vingi ni vya mianzi na ngozi ya mwanzi ni nyororo, gundi haiipendi. Vikwangue kwanza kwa msasa. Mimi napendelea kupita kwa seremala yeyote na kuomba vibanzi. Chini ya meza ya seremala wa Keko kuna vibanzi vya mninga na msindano vya kutosha kujaza matundu ya mtaa mzima, na kwa kawaida havina bei.

Nifanyeje, hatua kwa hatua?

Anza kwa kuutoa mlango. Usijaribu kufanya kazi hii mlango ukiwa umening'inia kwenye bawaba moja. Utaua na hiyo nzima. Kama bawaba ni za kikombe, fungua skrubu za bamba lililo ubavuni mwa kabati, au bonyeza ulimi wa nyuma kama ni zile za kubana. Anza na bawaba ya chini, malizia ya juu, na mtu wa pili akiwa ameushika mlango.

Safisha tundu. Pindua ncha ya kisu ndani yake, toa unga wote, kisha puliza. Gundi ikipakwa juu ya unga itashika unga, na unga haushiki kitu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu tundu linaonekana safi kwa nje.

Jaribu vijiti vikiwa vikavu kwanza. Ingiza kimoja, cha pili, cha tatu, hadi cha mwisho kiingie kwa kugongwa kidogo. Weka alama kwa kisu usawa wa uso wa ubao, kisha vitoe. Sasa weka gundi tunduni; ichovye hadi chini kwa kijiti, izungushe ipake kuta zote. Paka na vijiti vyenyewe. Virudishe vyote, gonga taratibu kwa nyundo hadi viguse mwisho. Gundi itafurika juu, na hiyo ndiyo dalili nzuri: ikikosa kufurika, ilikuwa haba. Ifute na kitambaa chenye maji kabla haijakauka.

Acha ikauke. Kisha kata vijiti usawa wa ubao. Usivivunje kwa kuvipinda, vinaweza kung'oka na ukuta wa tundu. Kata kwa kisu kwa kuzunguka, au kwa patasi iliyolala kabisa juu ya ubao.

Toboa tundu dogo katikati, kisha rudisha skrubu kwa mkono. Utaisikia tofauti tangu mzunguko wa pili: inaanza kuwa nzito, inang'ata, na mwisho inagoma. Ikigoma, simama hapo hapo.

Gundi ipi ni bora? Supaglu inafaa?

Kwa mbao halisi, plaiwudi na chipubodi iliyo kavu, gundi nyeupe ya mbao inatosha na inazidi. Inazama kwenye nyuzi, na ikikauka inakuwa na uimara unaokaribia au kuipita mbao yenyewe. Udhaifu wake ni maji: mahali panapolowa mara kwa mara hulainika.

Gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili unayoichanganya, inafaa chini ya sinki na mahali ambapo tundu limekuwa pango, kwa sababu inajaza nafasi tupu bila kunywea. Changanya sawa kwa sawa kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Ukikosea kipimo, haitakauka kamwe, itabaki kama ulimbo.

Supaglu ina kazi yake moja nzuri sana: kuimarisha kuta za tundu la MDF. Idondoshe matone mawili, iache inywewe, na ule unga laini unakuwa mgumu kama kucha. Lakini peke yake kama kijazo ni ngumu na inavunjika kwa mshtuko. Na tahadhari: usiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Supaglu ikikutana na pamba hupata joto kali la kuweza kuunguza ngozi.

Lazima nisubiri? Mlango nauhitaji leo.

Gundi nyeupe hushika kwa takriban nusu saa, lakini nguvu yake kamili inakuja baada ya saa 24. Kama unaweza kuulaza mlango ukutani hadi kesho, ulaze. Wakati wa masika, unyevu wa hewa ukiwa juu, ongeza muda.

Ukilazimika kumaliza leo, tumia epoksi ya kukauka haraka, au weka vijiti vikavu bila gundi kama huduma ya kwanza. Vijiti vikavu vitashika wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, lakini vitatoka vyote siku utakapofungua skrubu tena.

Njiti za kiberiti zinafaa?

Zinafaa, ukikata kichwa chenye baruti. Ni za mbao laini, zinapondeka vizuri na kujaza kona za tundu, na gundi huzipenda. Kwa skrubu nyembamba njiti mbili au tatu zinatosha. Kwa mlango mzito tafuta kibanzi cha mbao ngumu.

Kwa nini nisiweke tu skrubu kubwa zaidi?

Kwenye mlango wa mbao halisi wenye bawaba za kawaida za mabawa mawili, unaweza, ikiwa kichwa cha skrubu mpya kinazama kwenye tundu la bawaba. Kichwa kikijitokeza, bawaba haitafunga sawasawa, na mlango utakuwa unasukumana na skrubu kila ukiufunga hadi tundu jipya nalo life.

Kwenye chipubodi, skrubu nene zaidi inapasua ubao kutokea ndani. Na ndefu zaidi ni hatari ya aina nyingine. Milango mingi ya kabati ina unene wa milimita 16 au 18, na skrubu za bawaba ni za milimita 16 hivi kwa urefu, sehemu yake ikiwa imemezwa na bati la bawaba. Nikiwa bado kijana kazini niliweka skrubu ya milimita 25 kwenye mlango wa mteja, nikakaza kwa furaha, na ncha ikatokea upande wa pili katikati ya uso wa mninga uliokuwa umepigwa vanishi siku iliyotangulia. Nililipa mlango ule. Tangu siku hiyo napima skrubu kwa kuilaza ubavuni mwa ubao kabla ya kuiingiza.

Na karatasi, waya, plastiki au uzi je?

Watu hutumia vyote hivyo, na kwa siku chache vinaonekana kufanya kazi. Karatasi inasagika. Plastiki haishikani na gundi ya mbao. Waya wa shaba unatafuna ukuta wa tundu na kulipanua zaidi. Uzi uliolowa gundi ndio ulio bora kati ya hivyo, lakini ukishakuwa na gundi mkononi, weka mbao.

Nitatoboaje tundu dogo bila drili?

Kwa msumari. Chukua msumari mwembamba kuliko kiini cha skrubu, ugonge katikati ya vijiti vilivyokauka kwa kina cha sentimita moja, kisha utoe kwa koleo huku ukiuzungusha. Ukitumia drili, kwa skrubu ya milimita 4 toboa kwa ncha ya milimita 2.5 kwenye mbao laini, na milimita 3 kwenye mbao ngumu. Funga tepu kwenye ncha kuonyesha kina, usije ukatokea upande wa pili.

Kuna namna ya kurudisha skrubu bila kuua tundu jipya?

Ipo, na ningependa kila mwenye bisibisi aijue. Weka skrubu tunduni, kisha kabla ya kukaza izungushe kinyume, kama unayeifungua, kwa kuisukuma kidogo sana. Baada ya muda itadondoka kidogo na utasikia "tak" ndogo kwenye vidole. Hapo meno yameingia kwenye njia yao ya zamani. Sasa kaza. Bila hivyo skrubu huchimba njia mpya kila mara inapofunguliwa, na mbao inaisha haraka zaidi.

## Chipubodi, MDF na matundu makubwa

Vijiti havishiki tena, tundu limekuwa pango. Nifanye nini?

Usijaze pango kwa vijiti. Ligeuze kuwa tundu safi. Toboa kwa ncha ya milimita 8 au 10 hadi ufikie ubao mzima pande zote, ukiacha angalau milimita 3 za ubao upande wa pili. Tafuta kijiti cha mbao cha mviringo chenye unene huo huo, kipake gundi tele, kigonge ndani, kikate usawa wa uso, kisubiri hadi kesho. Kisha toboa tundu jipya la skrubu katikati yake.

Kuna siri moja hapa. Skrubu hushika vizuri zaidi inapoingia kwa kukata nyuzi za mbao kuliko inapoingia sambamba nazo. Kijiti cha kawaida kina nyuzi zinazokwenda kwa urefu, kwa hiyo skrubu inaingia katikati ya nyuzi kama kabari. Kwa bawaba ya kawaida inatosha. Kwa mlango mzito mwombe seremala akukatie kizibo ambacho nyuzi zake zinalala kukingama.

Ubao umemeguka kabisa, hakuna pa kuweka kizibo.

Angalia kama ubavu huo wa kabati umeegemea kabati jingine au ukuta, yaani nje yake haionekani. Kama ndivyo, acha skrubu kabisa: toboa hadi upande wa pili, pitisha bolti nyembamba, weka washa pana na nati nyuma. Haitang'oka tena.

Kama ubavu unaonekana, hamisha bawaba. Isogeze juu au chini kwa sentimita 5 au 6, mahali ambapo ubao haujaguswa. Kumbuka kuhamisha pande zote mbili, bamba la ubavuni na bawaba ya mlangoni, na kuziba matundu ya zamani.

Watu hupenda kugongomea kipande cha plaiwudi juu ya sehemu iliyomeguka na kufunga bamba juu yake. Kinashika, lakini mlango unasogea pembeni kwa unene wa kipande hicho na hautafunga. Ukitaka kufanya hivyo, chonga kwanza kitanda cha kukizamisha.

Kikombe cha bawaba chenyewe kimeng'oka mlangoni. Mlango umekwisha?

Haujakwisha. Kikombe cha kawaida kina upana wa milimita 35 na kinazama milimita 12 hivi, kwa hiyo nyuma yake umebaki ubao wa milimita 4 hadi 6 tu. Ndiyo maana panavunjika.

Ikiwa duara la tundu bado ni zima na ni skrubu mbili za pembeni zilizokufa, jaza matundu hayo kwa vijiti na gundi, kisha paka epoksi kidogo kwenye kuta za duara na chini yake kabla ya kurudisha kikombe. Kuwa mwangalifu epoksi isiingie kwenye viungo vya bawaba. Ujue pia kuwa bawaba hiyo haitatoka tena kwa amani.

Ikiwa duara limemeguka, mlango unahitaji duara jipya mahali pengine. Hiyo ni kazi ya ncha maalumu ya milimita 35, na ni ya dakika chache kwa fundi mwenye drili ya kusimama. Mpelekee mlango, mwonyeshe bawaba, na mwambie aweke kizuizi cha kina. Sipendekezi kuijaribu kwa drili ya mkono mara ya kwanza kwenye mlango unaouhitaji.

Kabati la chini ya sinki limefura. Nijaze tundu tu?

Hapana. Chipubodi iliyofura imeachana ndani. Vipande vyake havishikani tena hata ikikauka. Gundi yoyote utakayoweka itashika vipande ambavyo havijashika kitu.

Kwanza tafuta maji yanatoka wapi: bomba, kiungo cha sinki, au ukingo wa meza usiozibwa kwa silikoni. Ukishaziba, acha milango wazi siku kadhaa pakauke. Kama sehemu iliyofura ni chini tu, hamishia bawaba juu kwenye ubao mzima. Kama ubavu wote umefura, badilisha ubavu huo mmoja kwa marinibodi, usibadilishe kabati zima. Nimeona familia zikitupa kabati la mita tatu kwa sababu ya ubao mmoja uliolowa, na inaniuma kila mara, kwa sababu mbao nyingine zote zilikuwa salama.

## Baada ya kurudisha mlango

Skrubu zimeshika, lakini mlango umekaa upande.

Bawaba ya kikombe ina skrubu za kurekebisha. Ile iliyo karibu na mlango huusogeza kushoto au kulia. Ile ya nyuma, kwenye aina nyingi, huusogeza ndani au nje. Kupanda na kushuka hufanywa kwa kulegeza skrubu za bamba, kuuinua mlango, na kukaza tena. Zungusha robo mzunguko kisha tazama. Ukisahihisha bawaba ya juu peke yake, pembe ya chini ya mlango itaonekana kama imehama. Rekebisha zote mbili kidogo kidogo.

Mlango unahitaji bawaba ngapi?

Mbili kwa mlango wa hadi sentimita 90 kwa urefu. Tatu hadi kama sentimita 160. Nne hadi mita mbili. Uzito nao unahesabiwa: kioo cha milimita 4 kina kilo 10 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kioo cha kujitazamia cha nusu mita kwa mita moja na sentimita 60 kinaongeza kilo 8 juu ya mlango wa kabati la nguo. Ukiwa umebandika kioo kwenye mlango uliokuwa na bawaba tatu na sasa zinalegea, ongeza ya nne, karibu na ile ya juu.

Naishi pwani na skrubu zinashika kutu. Kutu inaua tundu?

Inaua. Hewa ya chumvi ya Dar, Tanga, Mombasa au Unguja inakula ngozi ya zinki kwenye skrubu, na kutu inapovimba inaisukuma na kuidhoofisha mbao iliyo jirani. Ukiona mduara mweusi kuzunguka skrubu, ndiyo hiyo. Badilisha kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Kwa walio Dar, uliza kwenye maduka ya vifaa Gerezani au Kariakoo. Skrubu hizo ni laini kidogo, kwa hiyo toboa tundu dogo kwanza na kaza kwa mkono.

Kwenye mbao ngumu wengi hupaka sabuni ili skrubu iteleze. Paka nta ya mshumaa badala yake. Sabuni inavuta unyevu.

Kichwa cha skrubu kimelika, bisibisi inateleza.

Weka kipande cha mpira mwembamba, kama wa kufungia noti, kati ya bisibisi na skrubu, sukuma kwa nguvu na uzungushe polepole. Ikishindikana, kata mfereji kichwani kwa msumeno wa chuma na utumie bisibisi bapa. Mara nyingi chanzo ni bisibisi isiyo saizi yake, ndogo kwa kichwa kikubwa.

Skrubu imekatikia ndani.

Kama inatokeza, ishike kwa koleo na uizungushe kinyume. Kama imezama, usianze kuchimba, utatengeneza pango. Hamisha bawaba kwa sentimita moja na nusu na uache kipande hicho kilale humo.

Nyumba ni ya kupanga. Nirekebishe mwenyewe au nimwambie mwenye nyumba?

Mwambie kwanza, na umpigie picha ya tundu kabla hujagusa. Kujaza kwa vijiti na gundi hakubadilishi sura ya kabati, wengi hukubali bila neno. Kuhamisha bawaba au kupitisha bolti ni jambo la ruhusa.

Nikifungua skrubu kunatoka unga mkavu na chembe za udongo.

Huo si uchakavu, ni mchwa. Bonyeza ubao kwa ncha ya bisibisi kuzunguka tundu: ukizama kirahisi, au ukigonga unasikika mtupu, usijaze chochote. Tazama nyuma ya kabati na pale linapokutana na sakafu, utafute njia yao ya udongo inayopanda ukutani. Kabati litolewe ukutani, dawa ipigwe ukutani na sakafuni, na ubao ulioliwa ukatwe hadi ufikie mbao inayolia "ko, ko" ukiigonga. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye swali la hatua kwa hatua.